Nukta Tatu za Fundi Mabruki

Usoke,
6 Februari 2023

Kwa Meneja,
Ngao Imara, Wakala wa Silaha,
Dar es Salaam.

YAH: BASTOLA YANGU KUFYATUKA YENYEWE

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Jina langu ni Eliya Mahona, mkulima wa tumbaku na mwenye duka la pembejeo hapa Usoke, wilaya ya Urambo. Mwaka jana mwezi wa nane nilinunua kwenu bastola moja, baada ya majambazi kunivamia dukani na kunikata panga la bega. Leseni ninayo. Cheti cha dhamana ya miaka miwili ninacho, na muhuri mliugonga ninyi wenyewe.

Jumanne iliyopita nilikuwa napanga mifuko ya mbolea dukani. Bastola ikachomoka kiunoni, ikaanguka sakafuni, ikalia. Hakuna mtu aliyeigusa. Risasi ilipasua mfuko na kuingia ukutani, hatua tatu kutoka alipokuwa amekaa mke wangu Recheli akichambua maharage. Mimi nilinunua bastola ya kunikinga na majambazi. Sikutaka jambazi mwingine nimfuge kiunoni.

Naomba mnitengenezee au mnipe nyingine, kama cheti chenu kinavyosema.

Wenu,
Eliya Mahona


Dar es Salaam,
27 Machi 2023

Mteja Wetu Mpendwa,

Asante kwa kuichagua familia ya Ngao Imara. Tumefurahi kupokea maoni yako kuhusu bidhaa yetu.

Ili tuweze kukuhudumia kwa haraka, tafadhali jaza Fomu Na. 4 iliyoambatanishwa, kisha utume picha za kifaa kutoka pande sita, nakala ya leseni, na maelezo ya kifaa kilianguka kutoka urefu gani. Tafadhali usitume kifaa chenyewe mpaka utakapoelekezwa.

Tungependa pia kukukumbusha kwamba kifaa hakikuundwa kwa ajili ya kuangushwa.

Wako katika huduma,
Josepha
Huduma kwa Wateja


Usoke,
20 Juni 2023

Mzee wangu Mabruki,

Shikamoo. Mwangaluka. Habari za mtaa wenu wa Ng'ambo, habari za binti yako Tatu na wajukuu? Sisi hatujambo, tumbaku tumeshaichoma, mabani ya kukaushia yamepoa, sasa tunangoja wanunuzi waje kutudharau kama kawaida yao.

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Mara ya mwisho nilikuuliza hali yako, wewe ukanijibu kwamba kuku wametaga. Bunduki zimekula masikio yako yote, mzee, lakini najua mikono bado ipo.

Nina bastola, mpya kabisa, ina ugonjwa wa kufyatuka ikianguka. Ilibaki kidogo nimuue Recheli. Nimewaandikia walioniuzia mara nne. Wananijibu kwa adabu mpaka nasikia kichefuchefu. Nimejaza fomu, nimepiga picha, nimepima kiuno changu kwa futi kamba ili wajue ilianguka kutoka urefu gani. Mwezi wa tano huo ukapita, wa sita huu unaisha. Na mimi bila silaha dukani silali, nikisikia pikipiki imesimama nje bega linaanza kuuma.

Baba yangu alikuwa akikuletea gobore lake, na baba yake alimletea baba yako. Nami nakuja kwako. Kibali cha kuisafirisha nimekwisha pata polisi, Jumatatu nitakuwa Tabora. Lakini nina ombi moja, na usinikasirikie. Ile alama yenu, zile nukta tatu, tafadhali usiiweke. Bastola hii ina dhamana ya kiwanda. Wakiona imeguswa na mkono mwingine watasema dhamana imekufa.

Mwanao,
Eliya


Ng'ambo, Tabora,
4 Julai 2023

Mwanangu Eliya,

Marahaba. Mwangaluka nayo nimeipokea, japo unaitamka kama Msukuma. Tatu na wanawe wazima. Kuku wametaga kweli, sikukosea.

Bastola yako imepona, njoo uichukue. Ndani yake kuna kipande kidogo, hakizidi punje ya mchele, kazi yake ni kuizuia pini isiende mbele mpaka kidole kivute. Hicho walichoweka ni laini kama sabuni. Nimekikwangua kwa msumari kikaacha unga. Ikianguka kinalala, pini inapita, kwisha habari. Waliotengeneza hawakuwa na haraka ila walikuwa na ubahili.

Nimekuchongea kingine kwa chuma cha msumeno wa zamani wa reli, ule baba aliouacha. Siku mbili nimekaa na tupa na kioo cha kukuzia. Kisha nikaweka ganda tupu lenye fataki peke yake, nikaiangusha mara arobaini, kwenye mbao, kwenye simenti, kwa mdomo, kwa kitako, kwa ubavu. Haikupiga hata chafya. Tatu aliziba masikio mpaka akachoka.

Sasa lile ombi lako. Alama nimeiweka. Fungua kitako, utaziona nukta tatu kwa ndani. Usininunie. Babu Uwesu alizitia kwenye bunduki za watu wa misafara, baba akazitia, nami nimezitia miaka arobaini na moja. Si urembo. Ni kwamba ikiharibika, ikimdhuru mtu, mwenye kulaumiwa ajulikane, wasikamatwe wengine. Kazi isiyo na alama ni kazi ya mwizi. Kama unaona haya kwa kuwa nimeigusa, basi usingeniletea.

Kile kipande chao kibovu nimekifunga kwenye karatasi. Kitunze.

Salamu kwa Recheli. Mwambie akae popote anapotaka kuchambua maharage yake.

Mabruki bin Sabiri


Dar es Salaam,
19 Agosti 2023

Mteja Wetu Mpendwa,

Tunayo furaha kukujulisha kwamba ombi lako limefikia hatua ya pili. Unaelekezwa kuwasilisha kifaa ofisini kwetu kupitia taratibu za kisheria, pamoja na vipande vyake vyote.

Iwapo kasoro itathibitika, utapatiwa bastola mpya ya toleo la juu zaidi, bila malipo. Iwapo kifaa kimefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, tafadhali tueleze mapema.

Wako katika huduma,
Josepha
Huduma kwa Wateja


Usoke,
2 Septemba 2023

Ndugu Josepha,

Bastola inafika pamoja na barua hii. Kile kipande cha zamani nimekirudisha ndani yake, kwenye karatasi, kilichomoka chenyewe. Haijafunguliwa na mtu yeyote. Naingoja hiyo ya toleo la juu kwa hamu.

Eliya Mahona


Dar es Salaam,
11 Oktoba 2023

YAH: KUBATILISHWA KWA DHAMANA

Mteja Wetu Mpendwa,

Wataalamu wetu wamekikagua kifaa chako. Wamekuta kipande kigeni kilichochongwa kwa mkono, na alama za nukta tatu ndani ya kitako. Hii ni kinyume cha kifungu cha 9 cha dhamana, na ni kinyume cha maelezo yako ya tarehe 2 Septemba.

Ili kulinda ubora, kipande kigeni kimeondolewa na kuteketezwa, na kifaa kimerudishwa katika hali yake ya kiwanda. Kitarejeshwa kwako kwa taratibu zilezile.

Tunakupa siku kumi na nne kueleza kwa maandishi nani aliyekifungua. Usipofanya hivyo, itachukuliwa kwamba umekichezea mwenyewe, na taarifa itapelekwa kwa mamlaka ya leseni yako.

Maoni yako ni muhimu kwetu.

Josepha
Huduma kwa Wateja


Usoke,
20 Oktoba 2023

Ndugu Josepha,

Naomba radhi kwa usumbufu. Ukweli ni kwamba nilimpelekea fundi mmoja wa Tabora, Mabruki bin Sabiri, aipanguse mafuta tu. Yeye akaifungua bila ruhusa yangu na kuchonga vitu vyake. Mimi sikujua. Ni mzee sana, masikio hayasikii, na nadhani hata macho sasa hayaoni vizuri. Haifai mtu wa namna hiyo kuachiwa silaha za watu.

Naomba leseni yangu isiguswe. Bila bastola mimi ni mtu wa kuuawa. Na kama bado kuna uwezekano wa lile toleo la juu, nitashukuru.

Eliya Mahona


Ng'ambo, Tabora,
3 Desemba 2023

Eliya,

Salamu sikuletei.

Jumatano walikuja watu watatu wa mamlaka ya leseni na barua mkononi. Walikuwa na adabu, sina neno nao. Wamechukua leseni yangu ya ufundi, wameweka kufuli lao mlangoni kwangu, juu ya kufuli langu. Mmoja wao babu yake alikuwa mteja wetu, na alikuwa akiona haya kunitazama. Niliwauliza nimekosa nini. Kwa kuwa sisikii, hawakuhangaika kupiga kelele, wakanipa tu barua yako niisome.

Nimeisoma kwa macho yangu haya yasiyoona.

Kwa hiyo mimi nilikuvizia, nikakuibia ruhusa, nikakuchongea chuma cha baba yangu siku mbili kwa sababu ya wazimu wa uzee. Sawa. Ningekuwa sina aibu ningewaonyesha barua yako ya mwezi wa sita, ile ya "Nami nakuja kwako". Ninayo. Nimeiacha sandukuni kwa ajili ya marehemu baba yako, si kwa ajili yako. Tatu ananiita mjinga, analia, anataka aipeleke yeye. Nimemkataza. Mimi sijawahi kumchongea mteja, hata mteja mchafu.

Umeniua nikiwa hai, Eliya. Mimi kazi nyingine siijui. Naamka asubuhi, navaa, nakwenda mpaka mlangoni, natazama kufuli mbili, narudi.

Lakini nimeshika kalamu kwa jambo jingine, nalo lisome mara mbili. Barua waliyokuja nayo inasema kipande changu kimetolewa, kimeteketezwa, na bastola "imerudishwa katika hali ya kiwanda". Hali ya kiwanda ndiyo ugonjwa wenyewe! Wamekurudishia ile sabuni. Usiivae. Usiiweke risasi. Ikiwa lazima uwe nayo, magazini ikae mfuko huu na bastola mfuko mwingine. Nakuandikia hivi kwa sababu ya yule mwanamke.

Mabruki bin Sabiri


Urambo,
29 Januari 2024

Mzee wangu Mabruki,

Shikamoo. Najua sistahili kuitikiwa.

Barua yako ilinifikia tarehe 8 Desemba. Sikuifungua. Nilitambua mwandiko, nikajua kuna nini ndani, nikaona nitaisoma siku nikiwa na nguvu. Niliitia ndani ya Biblia, mahali ambapo nilijua sitafika haraka. Bastola ilikuwa imerudi wiki moja kabla, imepakwa mafuta, imefungwa vizuri, ina kikaratasi cha "imekaguliwa". Hali ya kiwanda, walisema. Mimi nikaelewa kwamba ni kama mpya.

Jumapili tarehe 14 tulikuwa tunatoka kwenda kanisani. Recheli alikuwa mbele yangu anashuka ngazi, zile tatu za simenti unazozijua. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Basi. Ni hivyo tu, mzee, nilifunga kiatu. Ilichomoka, ikapiga ngazi, ikalia. Recheli akakaa chini polepole akaniuliza, "Eliya, ni nini hicho?"

Mguu wa kulia wameukata chini ya goti. Yuko hospitali huko Tabora. Mimi nimeshitakiwa kwa kujeruhi kwa uzembe, nimepata dhamana, niko kwa shemeji hapa Urambo. Biblia ilikuwa mkononi mwake alipopigwa risasi. Nilipoiokota barua yako ikatoka. Niliisoma nikingoja gari la wagonjwa. Pale uliposema nisome mara mbili, nilisoma mara mbili.

Kesi ni tarehe 26 Februari. Kampuni wameandika kwa mwendesha mashitaka kwamba bastola ilitoka kwao ikiwa salama, na kwamba ni mimi niliyeiangusha. Hapa duniani ni mtu mmoja tu aliyekishika kile kipande chao akajua ni kibovu. Naomba uje useme. Wakili wangu, Bi. Shamimu, atakufuata nyumbani. Nifunge mikono, nitukane mbele ya watu wote, lakini uje. Nikifungwa, nani atamwinua Recheli?

Mwanao,
Eliya


Dar es Salaam,
5 Februari 2024

TANGAZO KWA WATEJA WETU WOTE

Mteja Wetu Mpendwa,

Katika kuendelea kukujali, Ngao Imara inakuletea maboresho ya hiari. Wataalamu wetu wamebuni kizuia pini kipya cha chuma kigumu, ambacho utafungiwa bure kwenye bastola yako. Picha yake imeambatanishwa.

Tangazo hili si kukiri kasoro yoyote katika vifaa vilivyokwisha uzwa. Vifaa vilivyowahi kufunguliwa na mafundi wasioidhinishwa, kwa ushahidi au kwa maelezo ya mteja mwenyewe, havihusiki.

Usalama wako ndio fahari yetu.

Josepha
Huduma kwa Wateja


Ng'ambo, Tabora,
16 Februari 2024

Eliya,

Wakili wako alikuja juzi. Binti mzuri, anaandika maswali kwenye karatasi kubwa ili nisihangaike. Nilimweleza yote kuhusu kile kipande. Nilimchorea. Naye akanionyesha tangazo la kampuni, lile la picha. Nimeitazama picha hiyo kwa kioo cha kukuzia. Ile pembe ya upande mmoja niliikata mimi, kwa sababu tupa yangu ilikuwa imekwisha makali na sikuweza kuifikisha sawa. Wao nao wameikata vilevile. Hawakukiteketeza, Eliya. Wamekinakili pamoja na kosa lake.

Nikamwambia Bi. Shamimu, basi twende, nitasema hivyohivyo mbele ya hakimu.

Akaandika: "Leseni yako ya ufundi iko wapi?"

Nikamwonyesha mlango wenye kufuli mbili.

Akaandika tena. Kwamba nikisimama, kitu cha kwanza watakachonisomea ni barua yako ya tarehe 20 Oktoba. Kwamba nilifungua bila ruhusa. Kwamba sisikii na sioni. Kwamba haifai mtu wa namna yangu kuachiwa silaha za watu. Kisha watasema bastola iliharibiwa na mkono wangu, na anayesema hivyo ni mteja mwenyewe, na saini yake hii hapa. Aliniuliza kama ninayo karatasi yoyote ya kuonyesha kwamba uliniletea kwa hiari yako. Nikampa ile ya mwezi wa sita. Imenitoka sandukuni baada ya miezi miwili ya kuilinda. Alipoisoma mpaka pale unaponiomba nisiweke alama ili kiwanda wasijue, aliikunja akanirudishia. Alisema hiyo ndiyo itakayokumaliza kabisa, kwa kuwa inaonyesha ulijua ugonjwa tangu mwanzo na bado ukaivaa kwenda kanisani.

Kwa hiyo usinisubiri tarehe 26. Si kwamba nimekataa. Ungenikuta mahakamani asubuhi kabla ya karani. Ila shahidi uliyemtaka ulikwisha kumuua wewe mwenyewe mwezi wa kumi, kwa ajili ya bastola ya toleo la juu.

Jana nilikwenda kumwona Recheli. Tatu alinipeleka. Amekonda lakini anakula. Tuliongea muda mrefu kwa ishara na karatasi. Aliniuliza habari za kuku. Aliniuliza kama ni kweli niliwahi kuandika kwamba akae popote anapotaka na maharage yake, nikamwambia ni kweli. Wewe hakukutaja, nami sikukutaja.

Pale uani nilikuwa na gogo la mninga, zuri, nililitunza kwa vitako vya bunduki. Kwa kuwa sasa sina bunduki za kutengeneza, nimemchongea gongo la kutembelea. Nililipima kwa bega lake palepale kitandani. Kichwani nimelivika ngozi. Chini nimelifunga mpira wa tairi, na juu ya mpira huo, kwa ndani, nimezitia nukta tatu, kama tunavyofanya.

Mwambie yeye, au asome hapa mwenyewe: likilegea, likipasuka, likimuumiza kwapa, ajue ni kazi ya nani na pa kupeleka lawama. Alilete kwangu.

Alilete yeye. Wewe usije.

Mabruki bin Sabiri